Fuvu la Kalenga na Simu ya Mtoto

Wapo wazazi hapa Nyanda za Juu Kusini wanaosita kumruhusu mtoto wa miaka 13 kwenda na wanafunzi wenzake Makumbusho ya Mkwawa, Kalenga, kwa kuwa humo limehifadhiwa fuvu la binadamu. Wazazi haohao humwachia simu jioni nzima, wala hawaulizi ni filamu gani inayooneshwa katika kibanda cha video cha mtaani, iwe Mbeya au Iringa. Naona mizani yetu imepinda: tunapima kinachotisha macho, hatupimi kinachozoesha moyo kuua.

Tulitazame fuvu lenyewe. Mwaka 1891 Wahehe walikishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ilianguka. Mkwawa aliendelea kupigana hadi Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, lakini lilirejea mwaka 1954. Habari hii ina damu na maiti iliyodhalilishwa. Hata hivyo, marehemu ana jina, vita vina sababu, na wapo ndugu waliolingoja fuvu hilo kwa zaidi ya nusu karne.

Katika filamu nyingi za vita, jeshi zima huteketea kwa dakika mbili na hakuna anayelia. Goma ilipotekwa Januari 2025, picha za maiti zilisambaa hadi kwenye simu zetu. Hizo ni za kweli, lakini mtoto aliyeziona peke yake hakuambiwa aliyekufa ni nani, wala kwa nini.

Nakubali kwamba mtoto wa miaka saba asubiri; umri una mipaka yake. Bodi ya Filamu hupanga madaraja ya umri, ila haiwezi kuingia sebuleni mwetu. Kazi hiyo ni ya mzazi na mwalimu: kusimulia kabla ya safari, kukaa na mtoto anapotazama, na kumuuliza aliyeuawa ameacha nani nyuma.

Kijana wa miaka 13 anaweza kuubeba ukweli wa vita, mradi awepo mtu mzima wa kumjibu. Apelekwe Kalenga, simu ndiyo isubiri.