Mzee wa pawasoo na slipa si lejendi, ni mtu tumemwachia hatari yetu

Wasee, leo sina kichekesho. Leo nalipa deni.

Mlionifuata tangu mwaka jana mnakumbuka ile klipu ya Desemba, nikiwa ushago upande wa Molo. Anko wangu anaangusha bulugamu na pawasoo, mkono mmoja, slipa miguuni. Nikaweka ngoma nyuma. Ilikuwa klipu yangu ya kwanza kuvuma tangu niache chuo, na mlimwita lejendi. Mimi nami nikachekelea namba.

Mwezi wa tatu pawasoo ile ile ilimkata mguu wa kushoto, chini ya goti. Alikuwa anapogoa mti uliokwisha kuanguka, kazi ya jirani. Ncha ya juu ya ule upanga wa mashine ikagusa tawi ambalo hakuliona, mashine ikaruka, na kwa sababu aliishika kwa mkono mmoja, hakuweza kuituliza. Ikashuka na mguu. Breki ya cheni, ile ngao iliyo mbele ya mkono, ilikuwa imeng'oka zamani. Mwenye shamba alituma pole na elfu mbili. Bili iliyobaki tulichangishana kwa grupu ya familia. Leo anachechemea.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini huyo ni mzoefu, ameanza kukata miti kabla hujazaliwa." Kweli kabisa. Uzoefu unakuonyesha mti utalalia wapi. Lakini cheni ya pawasoo ikipigwa moto inakimbia mita 20 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Hiyo ni matatu iko Thika Road, na meno. Ikikurudia, hakuna mzoefu anayewahi kufikiri.

Mwingine atasema vifaa ni ghali. Hapo pia sibishi. Kuna suruali maalum yenye nyuzi ndefu ndani: cheni ikiigusa, nyuzi zinavutwa, zinajisokota kwenye gia na mashine inasimama. Anko hulipwa 1,500 kwa mti. Ainunue na nini, na watoto wako shule?

Kwa hivyo swali langu si kwa nini anko hakuvaa. Swali ni kwa nini mwenye mti hakuulizwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Shida ni kwamba ukimwita mtu wa kibarua cha asubuhi moja, hujioni kama mwajiri. Unajiona umetafuta bei poa. Na mara nyingi hiyo bei ni poa kwa sababu mguu wake haumo kwenye hesabu.

Hata kama pesa hakuna, kuna mambo hayalipishwi. Pawasoo iwashwe ikiwa chini, breki imefungwa, mguu ukikanyaga mshiko wa nyuma. Mikono miwili kila wakati, kidole gumba cha kushoto kimezunguka mshiko. Usikate kwa ncha, wala juu ya mabega. Kabla ya kuanza, safisha njia ya kukimbilia, nyuma kwa mshazari, si nyuma moja kwa moja. Breki ikiharibika, hakuna kazi siku hiyo. Na kila mtu mwingine akae mbali, angalau urefu wa mti mara mbili.

Hiyo ya mwisho inanichoma. Siku ile mti ulikuwa mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu, na mimi nilisimama hatua kumi hivi, simu juu.

Halafu kuna kitu sikuwaambia. Anko hakuwa akikata kwa mkono mmoja. Ni mimi nilimwambia, "Anko, shika na moja, inatoka fiti." Akacheka, akashika. Vijana wa pale wakaiona klipu, wakaanza kumwita lile jina mlilompa, na akaendelea hivyo hivyo. Nilipomtembelea hospitali hakunilaumu. Aliniuliza tu kama ile video bado inaendelea vizuri. Manze, sikuwa na jibu.

Nimeifuta. Najua kufuta hakurudishi mguu. Lakini kuanzia leo sipigi tena picha ya mtu akihatarisha mwili ndio mimi nipate namba, na mkiniona nikifanya hivyo, nichapeni.

Nyinyi nawaomba kitu kimoja. Wazazi wakisema wanaita mtu wa pawasoo aangushe ule mti wa nyuma ya nyumba, uliza kabla ya bei: breki inashika? Viatu anavyo? Kama hana, nani ananunua? Na kama jibu ni "atajua mwenyewe," basi mti na ukae.