Chombo cha Maziwa Nyuma ya Kioo



Wapenzi wasomaji, hivi karibuni nilijaaliwa kufika Turkana kuwazuru ndugu zetu Waislamu. Nililala Lodwar, na asubuhi nikamwona mzee wa Kiturkana chini ya mti, amekalia kigoda kidogo wanachokiita ekicholong. Mchana ni kiti chake, usiku ni mto wake wa kulazia kichwa. Kutoka hapo tukashika njia ya Kakuma, yapata kilomita 120, hadi kambi ya wakimbizi iliyoanza mwaka 1992.

Baada ya darsa, mama mmoja wa Kisomali alitukaribisha chai nyumbani kwake. Binti yake amepata nafasi ya kusoma Kanada. "Sheikh," akasema, "jamaa zetu walioko huko wanatuambia kuwa wanafunzi hupelekwa katika majumba ya picha na masanamu. Mimi sikumlea mwanangu akatazame masanamu. Aende, ama akatae?"

Nilihisi kuwa chini ya swali hilo palikuwa na jingine: nikimwachilia binti huyu, je, atabaki kuwa wangu? Nililomjibu nawaandikia pia wazazi wote ambao watoto wao wamo safarini.

La kwanza ni nia. Kukitazama kitu kwa kujifunza si kukitukuza, na Qur'ani Tukufu inatuhimiza kusafiri na kuzingatia habari za waliotutangulia. Katika mas'ala ya picha na masanamu wanazuoni wana maelezo marefu, na mwenye shaka amwendee mwenye elimu aliye karibu naye. Ama picha za utupu, hapo asitafute rukhsa: ainamishe macho, apite, na amweleze mwalimu wake kwa adabu. Na Swala isimpite, kwani jumba litamngoja.

La pili, ajue kwamba ndani ya majumba hayo imo pia kazi ya mikono ya Waislamu. Katika jumba la Louvre, Paris, liko beseni kubwa la shaba lililotiwa nakshi za fedha na dhahabu, kazi ya fundi Muhammad ibn al-Zayn wa zama za Wamamluki, karne ya 14. Beseni hilo lilifika Ufaransa, likatumiwa kubatizia watoto wa kifalme, akiwemo Louis XIII mwaka 1606. Fundi aliliandika jina lake juu yake kwa Kiarabu. Wageni wengi hupita wasiweze kulisoma, lakini mtoto aliyekaa mkekani madrasani anaweza. Na katika jumba la Victoria and Albert, London, limo zulia la Ardabil, lililofumwa ndani yake mwaka wa 946 Hijria.

Nilipofika la tatu, nikaona ukutani pametundikwa chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mti, ambacho Wasomali hukiita haan. "Hiki ni cha nani, dada yangu?" nikauliza. "Cha marehemu mama yangu. Nilitoka nacho nyumbani."

Nikamgeukia binti. "Mwanangu, chombo hiki hufukizwaje kabla ya kutiwa maziwa?" Akatabasamu, akainamisha kichwa. Amezaliwa kambini na hajapata kukama ngamia. Hakujua.

Nikamwambia mama: "Vyombo kama hiki vimehifadhiwa katika jumba la British Museum, London. Na vigoda kama kile nilichokiona Lodwar vimo katika jumba la Pitt Rivers, Oxford. Kando ya kitu kilichowekwa nyuma ya kioo huwa pana kikaratasi cha maelezo. Usipomfundisha wewe, kikaratasi hicho ndicho kitakachomweleza mwanao habari za bibi yake."

Sisi Waswahili tumeyaita majumba hayo makumbusho, na jina hilo limebeba somo. Mtu hukumbushwa alichokijua. Aliyetoka kwao mikono mitupu ataingia humo akiwa mgeni hata mbele ya vitu vya ukoo wake. Aliyefunzwa nyumbani ataingia kwa heshima, atajifunza ya wenzake, na atajua lipi ni lake.

Mama akainuka, akakitungua chombo, akakiweka mapajani mwa binti yake, akaanza kumweleza kwa Kisomali. Sikuyafahamu maneno, ila niliona mkono wake ukionyesha jinsi moshi unavyoingia ndani ya chombo. Binti akauliza, mama akajibu, akauliza tena. Chai yetu ikapoa na hakuna aliyejali.

Nasi wa pwani tusiwacheke. Katika nyumba zetu kuna chetezo, kuna kibao cha mbuzi, kuna mkeka uliosukwa na nyanya. Usiku wa leo mwulize mwanao jinsi vinavyofanywa. Akishindwa, kosa si lake. Keti naye umfunze kabla hajaandaa mkoba wa safari.

Wabillahi tawfiq.