Nyuki Hawana Nauli ya Muguga

Ukitoka Kitale kwenda Bungoma mwezi wa saba, kuanzia Kiminini hadi Kamukuywa, utaona mahindi yamechanua sawasawa, kama wanafunzi kwenye paredi. Watu husimamisha gari wapige picha. Mimi naona hatari.

Hiyo ni haibridi ya pakiti. Mimea yake inakaribia kuwa mapacha, kwa hivyo inatoa mbelewele na nywele karibu wiki moja. Mvua ikikata wiki hiyo, nywele zinakauka kabla ya kupata chavua na shamba zima linabaki na magunzi yenye mapengo. Mbegu ya kukhu, ile aliyoning'iniza jikoni juu ya moshi, haikuwa hivyo. Mmea mmoja ulitangulia, mwingine ukachelewa, na ukame haukuikuta yote pamoja.

Mahindi angalau yana upepo. Malenge je? Ua la kiume liko kivyake, la kike kivyake, na kufikia mchana yote yamefunga. Bila nyuki hupati kitu. Mitoo nayo inamtegemea yule nyuki mnene mweusi anayetoboa mbao za nyumba. Sasa kijiji kizima kipande aina moja tu ya kila kitu: nyuki atapata karamu ya siku chache, halafu njaa. Aina zikiwa nyingi, maua yanapokezana, naye ana sababu ya kukaa.

Na kwa miaka mingi, chini ya sheria ya mbegu ya 2012, kuuza au hata kubadilishana mbegu isiyoidhinishwa kungeweza kukupeleka jela miaka miwili, au faini ya milioni moja. Milioni! Kwa bakuli la mbegu! Mahakama Kuu ya Machakos ilifuta vifungu hivyo Novemba 2025. Bado sijasikia afisa wa kilimo akilitangaza hilo barazani.

Sina ugomvi na haibridi. H611 ilitoka Kitale 1964 na imelisha watu wengi. Nagombana na wanaotaka ibaki peke yake. Ukiwabana, wanakwambia mbegu za kienyeji ziko salama kwenye benki ya jeni kule Muguga. Sawa, lakini mbegu iliyo kwenye friza haichanui.

Kaunti inayogawa pakiti za bure iwape pia akina mama wa soko la Chwele meza, wauze malenge, mitoo na maharagwe yao mchanganyiko peupe, mlangoni pa agroveti.