KUFUMUA SI AIBU

MAONI YETU

Ndugu wanaushirika,

Wiki iliyopita mzigo wetu wa masweta ulirudishwa. Wengi mmeuona pale ghalani, na maneno yamekuwa mengi kisimani na kilabuni. Sisi wahariri wa gazeti hili la ukutani tumeona afadhali tuyaseme hapa hadharani, kila mtu asome, kuliko kunong'onezana.

Ukweli ni huu. Shule iliagiza masweta 40. Ikapokea 29, ikarudisha 11. Katika hayo 11, saba ni madogo kuliko kipimo, na manne yana kitanzi kilichoanguka kifuani. Mtoto akivaa siku mbili tatu, tundu linashuka kama ngazi mpaka kiunoni.

Je, wafumaji hawakujua? Walijua. Tumekaa nao tukawauliza kwa upole. Mama mmoja alituambia: "Nilikiona kile kitanzi, lakini nilikuwa nimeshafika kwapani. Nikajua nikisema nitakatwa ile elfu mbili. Basi nikanyamaza, nikaendelea." Hapo ndipo penye ugonjwa, ndugu zetu. Faini tuliyojiwekea wenyewe mkutanoni haikuzuia kosa hata moja. Imetufundisha kuficha tu. Kosa la mstari mmoja likawa kosa la sweta zima, na kosa la sweta likawa aibu ya ushirika wote.

Hakuna fundi asiyekosea. Waulizeni bibi zetu wanaosuka vikapu vya milulu. Bibi akiona amepitisha unyasi pasipo pake, hagombani na mtu. Anarudi nyuma, anausuka upya, na maongezi yanaendelea. Mwenye taabu ni seremala, maana ubao ukishakatwa mfupi haurefuki tena. Uzi una huruma kuliko ubao. Ajuaye kufuma sharti ajue na kufumua.

Sasa tuseme na njia, maana lawama peke yake haimvishi mtoto sweta.

Kwanza, kipimo. Yale saba madogo hayakutokana na uvivu. Mikono ya watu hailingani: mmoja anakaza, mwingine analegeza. Tuliambiwa wote tuanze na vitanzi 140, kwa hesabu kwamba vitanzi 20 vinatoa sentimita 10, yaani sentimita 70 kuzunguka kifua. Lakini mwenye mkono wa kukaza, kwake sentimita 10 zinakula vitanzi 22. Kwa vitanzi vile vile 140 anapata sentimita 63 na nusu hivi. Mtoto atapumua wapi? Kwa hiyo kila mmoja afume kwanza kipande cha sentimita 15 kila upande, aweke rula katikati, ahesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Vikizidi, achukue sindano nene kidogo. Vikipungua, achukue nyembamba.

Pili, kuhesabu. Kila baada ya mistari kumi, simama uhesabu vitanzi. Kikipungua kimoja, kitafute hapo hapo. Kitanzi kilichoanguka hakidai kufumua sweta zima. Kishike na pini kisiteremke zaidi, kisha kwa sindano yenye ndoano ukipandishe ngazi moja baada ya nyingine mpaka kirudi mahali pake. Ni kazi ya dakika chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, uzi uliofumuliwa usitupwe. Unatoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa, na wengi wanadhani umeharibika. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, uufunge kwa ulegevu sehemu nne usijitatize, uuloweke katika maji ya uvuguvugu, kisha uuanike kivulini bila kuusokota. Ukikauka umenyooka. Tumejaribu kwa sweta moja kati ya yale 11, na uzi wake unaning'inia dirishani ghalani. Nendeni mkauone.

Nne, faini. Tunapendekeza mkutano wa Jumamosi uifute. Anayetangaza kosa mapema apewe mwenzake wa kumsaidia, wala asichekwe. Wako watakaosema tunalea uzembe. Tunawaheshimu, lakini tunawauliza: faini hii imekaa miezi minane, imetuletea nini? Imetuletea masweta 11 mgongoni.

Na sisi wahariri tuna letu. Mwezi uliopita tuliandika hapa hapa ukutani kwamba masweta 40 yamekamilika bila dosari. Hatukulikunjua hata moja. Tulisikia kazi imekwisha, tukasifu. Tulikosea, na leo tunayafumua maneno yetu mbele yenu. Tangu sasa hatutausifu mzigo ambao hatujaukagua.

Shule imetupa nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Mwenye sindano aje nazo Jumamosi saa nne, penye ghala, hata kama sweta lake halikurudishwa. Wanaume wasiojua kufuma wasikae mbali. Kukunja uzi na kushika rula hakuhitaji ufundi mkubwa. Masweta saba yatafumuliwa na kuanzwa upya, na manne yatapandishwa vitanzi. Tukigawana, kazi inawezekana.

Mficha uchi hazai. Tuonyeshane makosa yakiwa bado madogo.

Wahariri