Mtumishi hewa hazaliwi mezani kwa karani





Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilifanya uhakiki, na majina zaidi ya 10,000 yakaondolewa katika orodha ya mishahara. Tangu hapo, jina hewa likionekana, wa kwanza kunyooshewa kidole ni karani. Mimi ni karani wa kukagua malipo, na nasema lawama hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Karani hukagua karatasi, hakagui nyuso. Mwalimu akifariki au mganga akiacha kazi kijijini, karatasi zake hubaki safi mpaka mkuu wake atoe taarifa. Taarifa ikichelewa miezi mitatu, mishahara ya miezi mitatu imekwisha kwenda benki. Zamani mtumishi alifika dirishani akatia sahihi, na asiyekuwapo alijulikana.

Lakini kufuta majina kwa pupa pia ni dhuluma. Aliyehamishwa tu akifutwa, watoto wake hulala njaa.

Napendekeza kila mkuu wa kituo atie sahihi orodha ya watumishi wake kila mwezi kabla mishahara haijapitishwa, na nakala ibandikwe ubaoni, kwani wenzake wanajua nani yupo. Asiyekuwapo akilipwa, aliyetia sahihi azirudishe fedha hizo. Na karani atakayepitisha jina bila sahihi hiyo, abanwe vivyo hivyo.

Karani wa Malipo,
Dodoma.