Saa Nane ya Shangazi

Jumapili nilikwenda Mbagala kumwona shangazi, aliyekuwa anasumbuliwa na kifua. Nilimkuta barazani, macho mekundu, sauti imekauka. Nikadhani ugonjwa umemzidi. Akasema hapana, ni usingizi tu: siku ya nne hiyo anaamka saa nane usiku kumeza dawa.

"Nani kakupa ratiba hiyo, shangazi?"

"Kijana wa duka la dawa. Kanambia kila saa nane. Basi nameza saa nane mchana, nameza saa nane usiku. Sijakosa hata mara moja, mwanangu."

Akanionyesha bahasha ya dawa. Jina la dawa limeandikwa kwa kalamu, mwandiko wa mtu mwenye foleni mbele yake, na chini yake "1 x 3". Basi. Ilikuwa amoksilini, vile vidonge vya rangi mbili, kimoja kila baada ya muda wa saa nane, yaani vitatu kwa siku. Shangazi alikuwa anameza viwili, na alivimeza kwa uaminifu ambao wengi wetu hatuna hata kwa sala. Jioni ileile tulikwenda kituo cha afya, akaanzishiwa dozi upya.

Njiani kurudi nikawa nalirudia lile neno. Katika Kiswahili saa nane ni muda, na ni majira pia. Aliyesema alikusudia muda, aliyesikia akashika majira, na wote wawili wamesema Kiswahili sanifu. Hata "kutwa mara 3", ambayo ndiyo lugha ya bahasha nyingi, ina shimo lake. Kutwa ni tangu jua linapochomoza mpaka linapokuchwa; ndiyo maana tukitaka kuuingiza na usiku tunasema kutwa kucha. Mtu aliyelelewa na Kiswahili cha bibi yake atameza asubuhi, mchana na jioni kabla giza halijaingia, kisha usiku mzima dawa iwe inapungua mwilini. Na hiyo "1 x 3" ni alama ya watu wa kazi hiyo. Anaielewa aliyeiandika.

Bahasha ile haina hila. Haiuzi kitu, haimsifu mtu, inataka shangazi apone. Nikaiweka mfukoni, na wiki nzima nimekuwa nikiitoa na kuilinganisha na kila andiko lililokuja mbele yangu.

*

Jumatatu asubuhi simu ikalia: "Hongera! Umechaguliwa kupata mkopo hadi shilingi 500,000. Bonyeza NDIYO."

Tazama kazi iliyofanyika hapo. Hongera ni neno tunalompa aliyejifungua, aliyefaulu mtihani, aliyeezeka nyumba. Hapa anapewa mtu ambaye hajafanya lolote, ila atafanya: atakopa. Umechaguliwa, na nani? Miongoni mwa akina nani? Na "hadi" ndiyo fundi mkuu wa sentensi nzima. Jicho linaruka moja kwa moja mpaka kwenye 500,000, lakini aliyepewa shilingi 20,000 naye ameahidiwa kweli tupu, kwa kuwa 20,000 imo ndani ya hadi. Tangu siku hiyo naliona neno hilo kila mahali: punguzo hadi nusu bei, zawadi hadi mamilioni. Mwenzake ni "kuanzia", anayesimama mbele ya nauli na viwanja.

Nilibonyeza kuona kinachofuata. Kitufe cha NDIYO kilikuwa kipana, cha kijani, mahali hasa kidole gumba kinapotulia. "Soma masharti" ilikuwa chini kabisa, herufi nyembamba za kijivu juu ya weupe. Aliyepanga ukurasa ule anajua mkono wa binadamu unavyoshika simu. Riba haikutajwa kwenye ujumbe wala kwenye ukurasa wa kwanza.

Ndani ya daladala redio ikaendeleza darasa. Tangazo lilisomwa taratibu, kila neno likapewa nafasi ya kupumua, mpaka mwisho ambapo sauti ileile ikatimua mbio: vigezonamashartikuzingatiwa. Hakuna abiria asiyeijua sentensi hiyo, na sijakutana na abiria aliyewahi kuambiwa vigezo vyenyewe ni vipi. Maneno yametamkwa, kwa hiyo huwezi kudai hayakuwepo. Yametamkwa kwa namna ya kutosikika. Na hata ukiyapunguzia mwendo, "kuzingatiwa" haina mtu wala wakati. Azingatie nani? Lini? Nikishindwa kuzingatia, itakuwaje?

*

Mtaani kwetu yalikuja matangazo mawili ya maji katika wiki moja, na yote yaliishia kwa maneno yale tuliyoyazoea: tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.

Kujitokeza ni kitenzi cha hiari. Wananchi hujitokeza kupiga kura, vijana hujitokeza kuchangia damu. Hapa usumbufu wenyewe ndio unajitokeza, kwa mapenzi yake, na mwenye kufunga koki amesimama pembeni anauombea radhi kama jamaa yake wa mbali.

Naipenda lugha hii kwa sababu kitenzi chake hakikubali kwa urahisi kumficha mtu. Nimevunja, umevunja, amevunja: mtenda anakaa kichwani mwa neno, huwezi kulitamka bila kumtaja. Ukitaka kumtoa lazima ulibadilishe neno mkiani. Kikombe kimevunjwa: yupo aliyevunja, hatumtaji. Kikombe kimevunjika: hakuna mtu kabisa, kikombe kimejimaliza. Mtoto yeyote aliyesimama juu ya vigae vya kikombe anaijua kauli hii ya tatu kabla hajaenda shule. Tunapokua tunakwenda nayo ofisini. Fedha zimepotea. Faili halionekani. Mradi umechelewa. Yako mambo yanayovunjika yenyewe, na hapo kauli hiyo ni ya haki. Lakini bomba halijifungi.

Tangazo lile halikuwa na saa. Mama ntilie wa kwenye kona yetu alikwishaloweka maharage na kuchambua mchele ndipo mfereji ukakauka, na siku hiyo hakupika. Laiti angeandikiwa hivi: tutafunga maji Alhamisi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, tunabadilisha bomba la barabarani, jazeni madumu Jumatano usiku. Hiyo haizidi urefu wa ile ya radhi, na ingemwokolea siku ya kazi.

*

Sinza, kwenye ukuta, rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Niliwahi kudhani ni onyo kwa matapeli tu. Safari hii nikaona kwamba aliyeandika hakusema "siuzi". Angesema hivyo angejifunga yeye peke yake, naye siye anayehofiwa. "Haiuzwi" inamfunga kila mtu, pamoja na ndugu aliye ndani ya ua huohuo mwenye nakala ya hati. Hapa kumficha mtenda ndiko kulikofaa, na huenda ndiko kulikoihifadhi amani ya mezani.

*

Jumatano nilisoma tena habari za uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza baada ya nchi kuwa ya chama kimoja. Majimbo mengi ya Tanzania Bara yalikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, na wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Kila mgombea akapewa picha: mmoja jembe, mwingine nyumba. Kampeni zilikuwa mikutano ya pamoja iliyoandaliwa na chama, kwa Kiswahili, na kutumia kabila, dini au rangi ya mtu kulikatazwa.

Naistahi sana jozi ile. Yupo aliyekaa akajiuliza: mtu asiyesoma ataona nini? Hakumpa mmoja simba na mwingine mbuzi. Alichukua vitu viwili ambavyo karibu kila mkulima alikuwa navyo, na ambavyo hakuna mwenye akili angevikataa. Hata hivyo picha haikubali kukaa kimya. Jembe linakuja na hoja zake, kwamba ndilo linalolisha; nyumba nayo ina zake, kwamba hata mwenye jembe jioni hurudi nyumbani. Ukimpa mtu alama umempa na nusu ya hotuba.

Kenya ilijifunza hivyo kwa matunda. Kwenye kura ya maoni ya Katiba ya tarehe 21 Novemba 2005, Ndiyo ilipewa ndizi na Hapana ikapewa chungwa. Matunda mawili matamu, yote ya sokoni, hakuna lenye sumu. Hapana ikashinda kwa takriban asilimia 58. Lakini chungwa halikuondoka na masanduku ya kura. Wale waliolibeba walikwishapata rangi ya fulana na picha inayochorwa na mtoto, wakaingia nayo kwenye siasa za vyama kwa jina la Orange Democratic Movement. Alama iliyotolewa kwa ajili ya siku moja imedumu miaka.

Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya walirudi kupigia kura Katiba nyingine, na safari hii walipewa rangi: kijani kwa Ndiyo, nyekundu kwa Hapana. Kila anayevuka barabara ya mjini anajua kijani inamwambia nini na nyekundu inamwambia nini. Asilimia 67 hivi walisema Ndiyo. Sisemi rangi ndiyo iliyopitisha Katiba. Wakenya walikuwa na kiu ya Katiba mpya kwa miaka mingi, na miaka miwili tu nyuma walikuwa wamezika watu wao waliokufa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Hata mimi ningetaka ipite. Ila kwa upande wa haki ya karatasi, jozi ya 1965 na ile ya 2005 zilikuwa safi zaidi. Mtu wa Hapana mwaka 2010 alianza safari taa ikiwa imekwishamsimamisha.

*

Ijumaa kulikuwa na shughuli kwa jirani. Mwanamke mmoja alikuja amejifunga kanga yenye jina "Umdhaniaye ndiye siye". Akapita mbele ya safu ya wageni mara moja, akakaa. Hakusema kitu. Kama watu sita wakaanza kutazamana.

Kanga inafanya kinyume cha lile tangazo la maji. Tangazo linamficha aliyetenda. Kanga inamficha anayeambiwa. Msemaji anaonekana waziwazi, tena amelifunga neno kiunoni, lakini ukimuuliza amemwambia nani atajibu kwamba yeye kavaa nguo tu. Pindo linazunguka, mji uko katikati, na jina limekaa chini ya mji, mahali macho yanapomalizia.

Marehemu mama alikuwa akifika dukani anaifunua doti na kusoma jina kabla ya kuuliza bei. Rangi nzuri yenye jina la ugomvi aliirudisha. Alikuwa akifikiria atakaa na nani siku ya kuivaa, na huyo mtu atasoma nini. Hakupita darasa la nne, na sijui msomaji makini kumzidi.

*

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu na daftari lake la Kiswahili limejaa uhakiki: fani na maudhui, dhamira, ujumbe, wahusika. Nilimpa ule ujumbe wa mkopo nikamwomba auhakiki kama riwaya. Chini ya wahusika akaandika: "Mimi, na mtu asiyejulikana." Chini ya dhamira: "Anataka niharakishe." Sikuwa na la kuongeza.

Nikampa bahasha ya shangazi. Aliigeuza, akatafuta upande wa pili, akauliza maandishi mengine yako wapi. Nikamweleza saa nane mbili za bibi yake. Hakucheka, nikampenda kwa hilo. Akachukua jalada la daftari la zamani, akalikata, akachora jua linachomoza, jua la utosini, na mwezi. Chini ya kila picha kidonge kimoja, nusu nyekundu nusu njano. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Ukihesabu, ni muda wa saa nane kati ya kila kidonge na kinachofuata, na shangazi amebakiziwa saa nane yake ya mchana.

Jumamosi tulikwenda wote Mbagala. Kadi, ambayo mpwa wangu aliituma mapema kwa mkono wa kondakta wa daladala, imetundikwa karibu na kalenda, na chini ya kila kidonge kuna vistari vya mkaa, kimoja kwa kila alichomeza. Kifua kimelegea, usiku analala. Jirani yake alikuwa hapo na mtoto mgongoni na chupa ya dawa ya maji mkononi, anataka kadi kama ile. Lebo ya chupa ilisema nusu kijiko, mara mbili.

Mpwa wangu akakaa na kalamu yake, akachora jua, akachora mwezi, akasimama. Akaninong'oneza: "Mjomba, kijiko kipi? Cha chai au cha wali?"

Tukainuka, tukarudi na ile chupa duka la dawa kuuliza.