Mzee anayesahau si mulozi: ubongo wake unaugua

Mwezi wa 9 mwaka 2021, wanawake wanane waliuawa katika Kivu ya Kusini kwa sababu walishtakiwa ulozi. Wengine walichomwa moto. Mara nyingi mambo haya huanzia kwa mtabiri, wale wanaoitwa bajakazi: anataja jina, kisha vijana wanatoa hukumu yao kabla polisi haijafika.

Sisemi kwamba mama wale wote walikuwa wagonjwa. Lakini tusikilize vizuri maneno yanayosemwa mitaani kwetu juu ya wazee. Anatembea usiku. Anaongea peke yake. Anadai kwamba watoto wamemwibia pesa. Hatambui wajukuu wake. Amekutwa alfajiri kwenye mlango wa jirani, na hawezi kueleza amefikaje pale. Kwa mtabiri, huo ni ushahidi. Kwa daktari, hizo ni dalili za ubongo unaougua, na ugonjwa unaoleta dalili hizo mara nyingi zaidi kwa wazee unaitwa Alzheimer.

Jina hilo ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeeleza ugonjwa huu mwaka 1906 baada ya kuchunguza ubongo wa mwanamke aliyekuwa amemhudumia. Aliona mabonge na nyuzi zisizo za kawaida. Aliona pia kitu ambacho wataalamu walikiacha pembeni kwa muda mrefu: mafuta yaliyojaa ndani ya seli zinazotunza ubongo.

Leo mafuta hayo yamerudi katikati ya utafiti. Ukitoa maji yote katika ubongo, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Ndiyo yanayofunika nyuzi za neva ili habari zipite haraka, kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unabeba karibu robo ya kolesteroli yote. Mwaka 1993, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba jeni moja inayoitwa APOE, ambayo kazi yake ni kusafirisha mafuta hayo, ina aina moja, APOE4, inayoongeza hatari ya Alzheimer. Tangu hapo imeonekana kwamba kwa watu wenye asili ya Afrika nguvu yake ni ndogo kuliko kwa Wazungu. Na mwenye kuirithi hakuhukumiwa: wengi wanayo na wanazeeka na akili timamu.

Hapa msomaji ataniuliza: basi tuache mawese? Hapana. Mafuta ya ubongo hayatoki moja kwa moja kwenye sufuria ya sombe. Ubongo unajitengenezea kolesteroli yake, na ile ya damu karibu yote inazuiwa kuingia. Lakini kolesteroli mbaya ikizidi katika damu, inaharibu mishipa, pamoja na ile inayopeleka damu kichwani. Ubongo uliokosa damu ya kutosha unadhoofika. Kwa hiyo kipimo ndicho cha kuangalia: mafuta kidogo katika chakula, na yale ya kukaangia beignet yasirudiwe siku baada ya siku.

Mwaka 2024, tume ya wataalamu wa jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya kupoteza akili uzeeni. Kolesteroli mbaya katika umri wa kati iliingia katika orodha mwaka huo, pamoja na macho yasiyotibiwa. Mengine tunayajua vizuri: tansio ya damu, ugonjwa wa sukari, sigara, pombe nyingi, kukosa masomo, kutosikia, moshi, majeraha ya kichwa, huzuni, upweke. Tume ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo hayo 14 yangeondolewa. Nani katika nchi hii atasema hayatuhusu? Vita imewafukuza wazee wetu katika mashamba yao, imewatenga na majirani zao, imewalaza kambini.

Wengine wanangojea dawa mpya. Ile inayoitwa lecanemab, iliyokubaliwa Marekani mwaka 2023, ilitangazwa kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka. Haiponyi, inapunguza tu mwendo wa ugonjwa ukiwa bado mwanzoni. Mzee wa Uvira au wa Butembo asiambiwe angojee hiyo. Kupima tansio kunachukua dakika chache tu, na dawa za tansio na za sukari zinajulikana tangu miaka mingi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Wizara ya Afya iagize kila kituo cha afya kipime tansio na sukari kwa kila mtu aliyepita miaka 40, hata kama amekuja kwa malaria. Wauguzi wafundishwe kutambua dalili za kwanza za kusahau. Wachungaji na mapadri waseme wazi madhabahuni kwamba mzee anayepotea njia apelekwe kwa daktari, si kwa nabii. Na anayemtangaza mtu kuwa mulozi mbele ya umati ashtakiwe kama mchochezi wa mauaji.

Nyumbani pia tuna kazi. Akili ikibadilika ghafla, kwa siku mbili tatu, twende hospitalini haraka: inaweza kuwa malaria, maambukizi au kosa la dawa, na hayo yanatibika. Ikibadilika polepole, kwa miezi na miaka, tusimfungie mzee chumbani. Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna Sosame, vituo vinavyojua magonjwa ya akili. Tumweleze jirani mapema: baba ni mgonjwa, ukimkuta njiani umrudishe. Maneno hayo machache, yakisemwa kabla mtabiri hajaitwa, yanaweza kuokoa uhai wa mzazi.